Mwalimu Brown Alijua Kusikiliza

Mtaje Barry Evans mbele ya Wakenya waliokulia mbele ya runinga ya KBC, na wengi watakuuliza ni nani huyo. Sema "Mwalimu Brown wa Mind Your Language" na mambo yanabadilika papo hapo. Kabla hujamaliza sentensi, mtu ashaanza kutikisa kichwa na kuomba samahani elfu moja kama Ranjeet. Mwingine anainama kama Taro, mwingine anajibu swali ambalo hakuulizwa, kama Juan. Wanafunzi wote wanaigwa. Mwalimu haigwi na mtu, na hata jina lake halisi limeyeyuka.

Mimi nadhani hilo lina maana. Kila mara kipindi hiki kinapozungumziwa, mjadala huwa mmoja tu: je, kilikuwa cha ubaguzi au tulikuwa tunacheka tu? Ni swali zuri na nitalijibu. Lakini katikati ya darasa lile palikuwa na mwigizaji aliyefanya kazi ngumu sana kwa utulivu kiasi kwamba hakuna aliyeiona. Ukimtazama yeye badala ya wanafunzi wake, kipindi chenyewe kinageuka kuwa kitu kingine, cha huzuni zaidi kuliko tulivyokikumbuka.

Evans alizaliwa mwaka wa 1943 huko Guildford, kusini mwa Uingereza, na akalelewa katika makao ya watoto ya Barnardo. Mtoto asiye na kwao hujifunza mapema kusoma nyuso za watu wazima: nani amekasirika, nani ana nafasi moyoni leo. Sitaki kusema huko ndiko alikopata sanaa yake, maana maisha ya mtu si hesabu ya kujumlisha. Ila ukimwona akiigiza, utaona macho yanayofanya kazi kabla ya mdomo. Kipaji chake kilionekana mapema, akapata ufadhili uliobeba jina la John Gielgud, akaingia Central School of Speech and Drama mjini London. Yaani alifunzwa kwa ajili ya jukwaa, katika ile mila ya Waingereza ambayo sauti na matamshi ndiyo mtaji. Aliyekuja kujulikana duniani kama mwalimu wa Kiingereza alikuwa amefundishwa Kiingereza chake kama fundi anavyofundishwa randa na msumeno.

Filamu ndiyo iliyomtoa. Mkurugenzi Clive Donner alimpa nafasi ya kwanza katika Here We Go Round the Mulberry Bush, hadithi ya kijana wa mji mpya wa Stevenage ambaye anahisi kila mtu anafaidi ujana isipokuwa yeye. Filamu hiyo ilikuwa ishindane Cannes mwaka wa 1968, lakini tamasha likavunjika katikati ya maandamano ya Mei ile Ufaransa. Donner akamchukua tena kwa Alfred the Great mwaka wa 1969. Mwaka huo huo televisheni ikamfungulia mlango: Doctor in the House, vichekesho vya wanafunzi wa udaktari vilivyotokana na vitabu vya Richard Gordon, ambapo alikuwa Michael Upton. Baadhi ya walioandika vipindi hivyo ni John Cleese na Graham Chapman. Ikafuata Doctor at Large mwaka wa 1971, kisha Evans akaondoka. Mfululizo uliendelea bila yeye, na Robin Nedwell akawa ndiye sura yake kuu.

Katikati ya miaka ya 1970 mambo yalikuwa yameanza kukauka. Sinema ya Uingereza wakati huo ilikuwa imeishiwa pesa na kukimbilia vichekesho vya bei rahisi vya kuvuana nguo. Mwaka wa 1976 Evans aliigiza katika kimoja cha aina hiyo, Adventures of a Taxi Driver. Kumbuka kichwa hicho cha filamu, tutarudi kwake.

Kisha, tarehe 30 Desemba 1977, kampuni ya London Weekend Television ikaonyesha kipindi cha kwanza cha Mind Your Language, kilichobuniwa na Vince Powell. Mahali ni darasa la jioni la watu wazima mjini London. Wanafunzi wametoka India, Pakistan, Uchina, Japani, Ugiriki, Italia, Uhispania, Ujerumani, Ufaransa. Mkuu wa chuo, Miss Courtenay, hataki mwalimu mwanamume, na anamwambia Jeremy Brown kwamba aliyemtangulia alirukwa na akili. Brown anachukua kazi hata hivyo. Evans alikuwa na miaka 34, lakini uso wake ulikuwa bado wa kijana aliyemaliza chuo juzi.

Hebu tuangalie kazi aliyopewa. Katika vichekesho kuna anayefunga bao na kuna anayetoa pasi. Anayefunga ndiye anayeshangiliwa. Anayetoa pasi huonekana kama hafanyi kitu, mpaka siku asipokuwepo, ndipo mchezo unapokwama. Brown ni mtoaji pasi wa watu kumi hivi kwa pamoja. Kila mmoja ana lafudhi yake, kasi yake na neno lake la kurudiarudia. Yeye hana neno lolote la namna hiyo. Alichonacho ni swali, kimya kifupi, na uso.

Kile kimya ndicho ninachotaka mtu akitazame upya. Mwanafunzi anatoa jibu ambalo halina kichwa wala miguu. Mwigizaji mvivu angegeuka kwa watazamaji na kuwakonyeza: mmesikia huyu? Evans mara nyingi hafanyi hivyo. Anasita. Unaona jibu likiingia, linatafutiwa maana, likikosa mahali pa kukaa. Halafu, na hapa ndipo ufundi ulipo, unaona anagundua mantiki ya kosa: kumbe huyu amesikia neno hili kama lile! Hapo ndipo anasahihisha. Kicheko kinakuja katika ile nusu sekunde ambapo mwalimu ameelewa namna mwanafunzi alivyokosea. Kwa hivyo si kicheko cha upumbavu tu. Ni kicheko cha watu wawili waliopotezana na kukutana kona isiyotarajiwa.

Si kila wakati, tusidanganyane. Kuna vipindi ambapo Brown anakereka, anapaza sauti, anatupa kijembe. Kuna mambo ya Danielle, Mfaransa aliyewekwa pale ili wanaume watoe macho, na kamera haioni aibu hata kidogo. Lakini msimamo wa kawaida wa Evans ni wa mtu anayesikiliza kwa dhati, na msimamo huo ndio unaokizuia kipindi kisiwe matusi matupu kwa nusu saa.

Utani wenyewe ni wa aina mbili, na nadhani makosa ya mjadala wetu ni kuzichanganya. Aina ya kwanza ni ya matamshi: Mjapani anaongeza irabu mwishoni mwa maneno, Muitaliano anapunga mikono, Mchina anabeba kitabu cha Mao kila mahali. Huo ni utani wa kikaragosi, na umezeeka vibaya. Aina ya pili ni ya maana. Mwanafunzi anaichukua methali au msemo wa Kiingereza neno kwa neno, na ghafla ni Kiingereza kinachoonekana kichekesho. Kwa nini wanasema hivi wakati wanamaanisha vile? Brown anajaribu kueleza, anakwama, anaeleza tena, anazidi kuzama. Katika utani wa aina hii mwanafunzi ana haki na lugha ndiyo iliyokosea. Mtu yeyote aliyejifunza Kiingereza darasani, kama lugha ya tatu, anaijua raha hiyo.

Sasa ubaguzi. Ndiyo, ulikuwepo. Na ilikuwa si saa ya mzaha. Mwaka wa 1968 bunge la Uingereza lilipitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya, watu wenye pasipoti za Uingereza, wasiingie Uingereza. Mwaka wa 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwaambia wasije Leicester. Walikwenda hata hivyo, na mji ukabadilika kwa faida yake. Miaka mitano baadaye taifa hilo hilo linaketi kucheka Msikh na Muislamu wakitukanana darasani. Huwezi kuniambia hayo hayahusiani. Mtu aliyekuwa akiogopa jirani mpya alipewa nusu saa ya kumwona jirani huyo akiwa mjinga asiye na madhara. Michael Grade, aliyesimamia vipindi kampuni ile, alikiona kinaudhi na akakisimamisha baada ya vipindi 29. Simlaumu.

Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi ya karagosi hizo. Tazama waigizaji. Ali, Mpakistani, alichezwa na Dino Shafeek, mzaliwa wa Dhaka. Ranjeet, Msikh, alichezwa na Albert Moses, ambaye alizaliwa Sri Lanka. Mgiriki Max alikuwa Kevork Malikyan, Muarmenia mzaliwa wa Uturuki. Danielle, Mfaransa, alikuwa Françoise Pascal, mzaliwa wa Morisi, kisiwa cha bahari yetu hii hii. Na Jamila, yule mama mwenye sindano za kufuma ambaye anaanza bila Kiingereza cha kuombea maji, alichezwa na Jamila Massey, mwanamke aliyeandika vitabu kwa Kiingereza pamoja na mumewe, kikiwemo kimoja kuhusu muziki wa India. Darasa zima lilikuwa la watu wanaokimudu Kiingereza vizuri sana na wanaolipwa ili wajifanye hawakijui. Televisheni ya wakati huo ilikuwa na nafasi chache kwa nyuso zao, na ada ya mlangoni ilikuwa kuvunja ulimi.

Na umbo la kipindi lilidai wasijifunze. Wanarudi msimu unaofuata na makosa ni yale yale. Ali akijua Kiingereza, hakuna kipindi. Huo ndio ukatili ambao hautokani na mstari wowote wa utani: mwalimu mzuri, mwenye subira, mwenye masikio, amepewa darasa ambalo haliruhusiwi kufaulu. Evans anaigiza subira hiyo kana kwamba wiki hii kitaeleweka. Nikitazama leo ndipo ninapoona uzito wake. Kila wiki anaingia na matumaini mapya, kwa sababu mwandishi amehakikisha ya wiki iliyopita hayakuzaa chochote.

Kwa nini basi sisi tulikipenda hivyo? Hapa nitajisemea mwenyewe na rika langu. Wengi wetu tulisoma chini ya diski. Kwa asiyeijua: ni kibao, mfupa, au kipande chochote kichafu, kilichotundikwa shingoni mwa mtoto aliyesikika akiongea lugha ya mama shuleni. Ngũgĩ wa Thiong'o ameliandika jambo hili vya kutosha. Uliponaswa ulikivaa mpaka umnase mwenzako, na jioni waliokivaa waliitwa wakachapwa. Huko ndiko tulikofundishwa kwamba kosa la lugha ni kosa la jinai, na kwamba namna ya kujiokoa ni kumchongea mwingine.

Halafu unawasha runinga, na kuna Mzungu mwalimu wa Kiingereza ambaye watu wazima wanamkosea mbele ya uso wake, kila dakika, na hakuna anayepigwa. Anasahihisha, wanakosea tena, anasahihisha. Mwisho wa somo wote wanarudi nyumbani wakiwa wazima. Hatukuwa tunacheka Wapakistani. Au tuseme ukweli, tulicheka nao pia, maana dukawala wa Kihindi alikuwa kikaragosi chetu tayari. Lakini chini ya kicheko hicho kulikuwa na pumzi ya kushushwa. Lile darasa lilikuwa njozi ya shule isiyo na kiboko.

Najua mtu wa nadharia atanijibu: upole huo ndio mtego wenyewe. Ukoloni wenye kiboko tuliuona na tukaupinga, ukoloni wenye tabasamu tukaualika sebuleni. Mwalimu mpole bado anakuambia lugha yako ina makosa na yake ndiyo kipimo. Nakubali kwa kiasi kikubwa. Brown hajifunzi hata salamu moja ya maana kutoka kwa wanafunzi wake kumi. Njia ya maarifa ni ya upande mmoja. Lakini napata shida kumhukumu mtoto aliyevaa mfupa shingoni kwa kumpenda mwalimu asiye na mfupa mkononi. Njaa huchagua chakula kilicho karibu.

Tatizo ni tulichokifanya baada ya hapo. Tulimwiga Ranjeet, tukamwiga Ali, tukawageukia wenzetu. Vichekesho vyetu vingi vya jukwaani na runingani vimesimama juu ya lafudhi: Mluhya na herufi zake, Mkikuyu na "l" na "r" zake, Mkamba, Mkalenjin, Mmeru. Tuna hata kitenzi cha Kikenya kwa ajili yake, kushrabu, na mtu akishrabu kwa maikrofoni kesho yake yuko kwenye simu za nchi nzima. Wakati mwingine ni utani wa ndugu, na mimi hucheka. Lakini hii ni nchi ambayo, kati ya Desemba 2007 na mwanzoni mwa 2008, palikuwa na vizuizi barabarani ambapo ulimi wako ungeweza kuamua kama unapita. Kwa hivyo siwezi kusema lafudhi ni mchezo tu. Tulichukua sehemu ya wanafunzi kutoka kipindi kile na kuiacha sehemu ya mwalimu. Mchekeshaji wetu anaiga sauti na kuondoka na makofi. Nani kwenye jukwaa amebaki kumsikiliza anayeigwa? Pasi hakuna, ni mabao matupu, na kila bao linafungwa kwenye goli la mtu asiyekuwepo.

Ndiyo maana nasema tukisome kipindi kile kupitia Evans. Yeye anatuonyesha kwamba hata ndani ya maandishi mabovu mwigizaji ana uchaguzi. Maandishi yalimpa ruhusa ya kudharau. Mara nyingi alichagua kuelewa kwanza. Hilo halikioshi kipindi, lakini linatufundisha kitu kuhusu kicheko: kinachokitofautisha na tusi mara nyingi si maneno yanayosemwa, ni uso wa yule anayeyapokea.

Kilichompata baadaye ni kama kipindi kilimgeukia. Uso wa kijana uliompa kazi ukawa ndio unaomnyima. Katika miaka ya 40 alikuwa bado anaonekana mdogo mno kwa nafasi za baba na meneja, na amezeeka kidogo mno kwa nafasi za kijana. Mwaka wa 1986 Mind Your Language kilifufuliwa na kampuni ya kujitegemea kwa vipindi 13, na baadhi tu ya wanafunzi wa zamani. Dino Shafeek alikuwa amefariki mwaka wa 1984. Evans alirudi kwenye dawati lile lile, akauliza maswali yale yale. Nimevitazama baadhi ya vipindi hivyo. Subira bado ipo, ila sasa inafanana na uchovu. Wanafunzi hawakuruhusiwa kujifunza, na mwalimu wao hakuruhusiwa kukua.

Baada ya hapo kazi zikaisha. Mwigizaji wa Adventures of a Taxi Driver akawa dereva wa teksi kwelikweli, huko Leicestershire, jimbo lile lile lenye mji uliowaambia Waasia wa Uganda wasije. Mwezi Februari 1997 polisi walikwenda nyumbani kwake, katika kijiji cha Claybrooke Magna, kumwarifu kwamba gari lake lililoibwa limepatikana. Walimkuta amekufa. Alikuwa na miaka 53. Mchunguzi wa vifo aliliacha suala la namna alivyokufa bila jibu la mwisho.

Wakati huo, na hadi leo, vipindi vile vinachezwa Nairobi, Lagos, Colombo, Karachi, zamani kwa kanda na sasa kwenye YouTube. Mamilioni ya watu waliojifunza Kiingereza kwa hofu wanamjua kama mwalimu wao. Ukivitazama tena usiku wa leo, fanya jaribio moja: Ranjeet anapoanza kuongea, usimtazame Ranjeet. Mtazame yule aliyesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, ameinamisha kichwa kidogo, anajaribu kuelewa.